Mrithi wa Ellerholt

Siku Bwana Ranulf wa Ellerholt alipozikwa, mwanawe Hamo, mtoto wa miaka minne, aligoma kukaa vizuri kitini. Alijibana pembeni na bakuli lake la uji wa shayiri, nusu ya kiti ikabaki wazi.

"Sogea, utaanguka," mama yake, Hawisa, alimwambia.

"Dada amekaa."

"Dada yupi?"

"Huyu hapa. Nguo zake zimelowa."

Hawisa akapapasa ubao wa kiti. Ulikuwa umelowa kweli, na yale maji yalinuka tope la bwawa la samaki lililo nyuma ya jumba. Hamo hakuwa na dada.

Tangu hapo harufu ile ikahamia ndani. Ikaingia kwenye mkate, kwenye mablanketi, hata kwenye nywele za mtoto. Mbwa wakahama ukumbini, wakaenda kulala zizini na ng'ombe. Hawisa aliolewa Ellerholt akitokea mbali, na mambo ya zamani ya nyumba ile hakuna aliyepata kumsimulia. Akamwita Thurstan, msimamizi wa mashamba, aliyemtumikia marehemu tangu ujana wao. Mzee alimsikiliza, kisha akaketi bila kukaribishwa.

"Bibi, usimwache mtoto acheze naye."

"Acheze na nani?"

Thurstan aliutazama mlango kwanza. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya chini sana. Mali yote hii, alisema, ilikuwa ya Gervase, kaka mkubwa wa marehemu. Gervase alikufa vitani Ufaransa, akaacha yatima mmoja, Amabel, na ardhi ikawa ya yule binti. Ranulf, baba yake mdogo, ndiye aliyepewa kumlea. Asubuhi moja alimshika mkono akampeleka bwawani kutazama samaki.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi ndiye niliyemfunga jiwe, bibi. Tauni ilikuwa inaua watu ovyo mwaka ule. Tukasema imemchukua na yeye. Nani angeuliza?"

Hawisa aliinuka akaufunga mlango. Mkaguzi wa mfalme alikuwa njiani, kama ilivyo desturi kila bwana mwenye ardhi anapofariki. Angewaapisha wazee wa Ellerholt waeleze marehemu alimiliki nini, alikipata kwa nani, na nani amrithi.

"Ukisema kweli itakuwaje?"

"Mimi nitanyongwa. Na mfalme akisikia ardhi ilipatikana kwa damu, sidhani kama atamwachia mwanao."

"Basi sema tauni."

Kesho yake alimwita Padri Osbert aiombee nyumba. Padri alinyunyiza maji ya baraka chumba hadi chumba, mpaka akafika alipokuwa Hamo, akasimama ghafla kama mtu aliyesukumwa kifuani.

"Wewe uliye na mtoto huyu," alisema polepole, "unataka nini?"

"Anasema anataka shamba lake," Hamo alijibu.

Padri akamgeukia Hawisa. "Kuna neno hujaniambia."

"Hakuna, padri."

"Mimi siwezi kumtoa mwenye haki ambaye hajasikilizwa," alisema, akakusanya vyombo vyake akaondoka.

Mkaguzi alifika mchana wa ukungu, akaketi ukumbini karibu na moto, karani wake ubavuni. Alianza na babu wa kwanza aliyezawadiwa Ellerholt na mfalme wa zamani, akashuka kizazi baada ya kizazi, na wazee wakaitikia: kinu ni chetu, malisho ya ng'ambo ya kijito ni yetu, msitu hadi kwenye mwaloni uliopigwa radi ni wetu. Hawisa alikuwa amempakata Hamo. Ndipo mkaguzi akamwita Thurstan, akamwekea mkono juu ya Injili.

"Amabel binti Gervase alikufaje?"

"Kwa tauni, bwana."

Neno lilipomtoka, maji yalifuata, kwanza kidogo kama mate ya mlevi, kisha kwa wingi, meusi, yenye majani ya bwawani, yakamwagika juu ya kitabu na juu ya meza, naye akishika koo na kutoa macho, amesimama pale pale kwenye sakafu kavu hatua chache kutoka motoni, na wazee waliomkimbilia wakimpiga mgongoni na kumwinamisha huku maji hayakomi, mpaka magoti yakamlegea na akaanguka, amezama. Na wakati huohuo Hawisa alimhisi Hamo mapajani akiwa baridi kama samaki, mzito, analoa, na kabla hajapiga yowe mtoto akapata joto tena, akakauka, akatulia.

Mkaguzi hakutaka kukaa zaidi; karani alikuwa ameshaandika tauni, na hakuna mzee aliyepinga. Alimtangaza Hamo kuwa mrithi wa ardhi yote, akapanda farasi.

Harufu iliondoka siku hiyohiyo. Hawisa alimshukuru Mungu. Jioni akamwona mtoto kwenye malisho, anatembea taratibu akigusa ua wa miiba, kama mtu anayekagua mpaka.

"Hamo," aliita. Mtoto hakugeuka. Akaita tena. Akaita kwa nguvu. Mwishowe akanong'ona, "Amabel."

"Abee, mama mdogo."

Hawisa alimkimbilia. "Hamo yuko wapi?"

Mtoto alitazama upande wa bwawa.

"Kule nilikokuwa mimi," alisema, akaendelea kukagua shamba lake.