Mizani ya Mbona

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, msichana mmoja wa darasa la sita alifagia uga huku akikariri masomo ya jana kwa sauti. Hakukosea hata neno. Wenzake walimpachika jina la Kasuku, naye alilivaa jina hilo kama nishani. Mama yake, mwenye duka dogo la nafaka, alifungua milango ya duka akimsikiliza binti yake akitaja mito na milima.

Katika nyumba hiyohiyo aliishi binti wa mama mdogo wa Kasuku. Huyu, aliyesoma naye darasa moja, aliitwa Mbona, kwa kuwa karibu kila usemi wake ulianza na neno hilo.

"Mama mkubwa, mbona maharagwe mabovu huelea? Mbona kufuli hujifunga bila ufunguo?"

Mama mkubwa alicheka hadi machozi yakamtoka. Kasuku hakucheka. Aliona kwamba kicheko kile kilikuwa mali yake, na sasa kimeibwa.

Mwaka huo alikuja mwalimu mpya. Kwa desturi ya shule, siku ya wazazi alisimama mbele ya wageni mwanafunzi aliyeweza kukariri somo refu bila kukosea, na siku zote alikuwa Kasuku. Mwalimu aliibadili desturi hiyo.

"Safari hii," alisema, "atasimama yule atakayetengeneza kitu kwa mikono yake na kutueleza kinavyofanya kazi. Tuanze na mizani."

Kasuku akainuka papo hapo. Alizitaja sehemu zote za mizani, akamalizia na kanuni yake kwa pumzi moja.

"Vyema sana," mwalimu akasema. "Na mizani yako iko wapi?"

"Iko kitabuni, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. "Kampimie nayo mama sukari!" mvulana wa nyuma akadakia.

Mbona alitengeneza yake nyumbani kwa kijiti, uzi na vifuniko viwili vya makopo. Alikosea, akafumua, akafunga upya, mpaka kijiti kikatulia sawasawa hewani. Mama mkubwa akaja kuitazama, mikono imejaa unga.

"Mwanangu, hii hata dukani ningeiweka!"

Mwanangu! Neno hilo lilimchoma Kasuku kuliko kicheko cha darasa zima. Kijicho ni ugonjwa wa ajabu: humtafuna aliyenacho, na yule anayehusudiwa hana habari. Mbona alipokwenda kuteka maji, Kasuku aliwasha mshumaa, akadondosha nta chini ya kifuniko kimoja, kisha akairudisha mizani mahali pake.

Kesho yake mizani ilining'inizwa mbele ya darasa. Vifuniko vilikuwa vitupu, lakini kijiti kiliinama upande mmoja kama mtu aliyebeba mzigo begani.

"Jana ilikuwa sawa," Mbona alisema, machozi yakimlenga.

"Usilie," mwalimu akasema. "Mizani inayokosea hufundisha mengi. Kasoro iko kwenye kijiti au kwenye kifuniko? Tutajuaje bila kubahatisha? Nani atatuambia?"

Macho yote yakamgeukia Kasuku, maana mkono wake ndio ulioinuka kwanza siku zote. Leo ulilala juu ya dawati kama jiwe. Alikuwa na jibu ambalo hakulipata kitabuni, alilijua kuliko yeyote mle darasani, wala hakuthubutu kulitamka.

"Kasuku, leo umemeza gundi?" jirani yake akamnong'oneza.

Mbona alipangusa macho. "Mbona tusivibadilishe vifuniko? Kijiti kikiwa kibaya, kitainama upande uleule. Kifuniko kikiwa kibaya, ubaya utahama nacho."

Akavibadilisha. Ubaya ukahama. Akakigeuza kifuniko kizito, akakwangua nta kwa ukucha, akaitambua. Nyumbani mshumaa ulikuwa mmoja tu, nao ulikaa upande wa Kasuku katika chumba chao.

"Labda kilidondokewa na nta kwa bahati mbaya, Mwalimu," alisema polepole.

Kasuku angestahimili kushtakiwa. Kutetewa hakukustahimili. Akasimama.

"Si bahati mbaya. Niliidondosha mimi."

Baada ya masomo mwalimu aliwaita wote wawili.

"Siku ya wazazi Mbona ndiye atakayesema," akamwambia Kasuku. "Wewe utamshikia mizani, kimya."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini kwani kukariri ni kosa?"

"Hata kidogo. Asiyeweka akiba kichwani atafikiri kwa kitu gani? Lakini sikilizeni, wanangu. Nyuma ya kila shule kuna swali: tunataka kumlea mtu wa namna gani? Kulitafakari swali hilo ndiko kunakoitwa falsafa ya elimu. Jibu lake huamua tufundishe nini, tufundishe vipi, na tumtuze nani. Anayetaka watu wa kurudia maneno ya wakubwa, atamtuza anayerudia. Mimi nataka mtu awezaye kulipima jambo mwenyewe, na kusema kweli hata ikimwumiza. La kwanza amelifanya Mbona. La pili umelifanya wewe, Kasuku. Umechelewa, lakini umelifanya."

Siku ya wazazi ilipowadia, Kasuku aliishika mizani mbele ya umati, na Mbona akaeleza kila sehemu, pamoja na jinsi kasoro hutafutwa. Nani aliyeitia kasoro, hakusema. Mama yake Kasuku alipiga makofi kwa nguvu kuliko wazazi wote.

Wageni walipoanza kutoka, Kasuku alimfuata mwalimu mlangoni.

"Mwalimu, nitajuaje kwamba kijicho kimenitoka?"

"Mwenzako akishinda, ukaweza kumpongeza kwa moyo mmoja, ujue kimeanza kukutoka. Leo umempigia makofi?"

"Mikono ilikuwa imeshika mizani, Mwalimu."

Mwalimu alimtazama, wala hakucheka.

"Sasa haijashika kitu. Mwenzako yuko pale."