Kioo cha Daktari wa Kuku

Watu wa kando ya barabara walimjua kwa mlio wa pikipiki yake. "Daktari wa Kuku huyo anapita," walisema. Kazi yake ilikuwa kuchanja kuku vijijini. Nyuma ya pikipiki alifunga sanduku la barafu lenye dawa ya chanjo. Kuku hawakumpenda hata kidogo. Wenye kuku walimpenda sana.

Barabara yake ilikuwa ndefu na wazi. Upepo ulimpiga kifuani kama mtu anayemsukuma arudi alikotoka. Jioni alifika nyumbani mabega yakimuuma, vumbi limemjaa shingoni. Siku moja mdudu mkubwa alimgonga kooni, chini ya helmeti. Alishtuka, akayumba. Pikipiki ikatoka barabarani, ikasimama majanini. Hakuumia. Lakini ilibidi akae chini kwanza kabla ya kuendelea na safari.

Mume wake alikuwa seremala. Alipoisikia habari ile hakusema mengi. Kesho yake alirudi na furushi kubwa kwapani.

"Fungua, Mama Watoto," alisema.

Kilikuwa kioo cha mbele cha pikipiki, cha kukinga upepo. Kilikuwa kirefu, kipana na cheusi kama miwani ya jua.

"Nimechagua kikubwa kuliko vyote," seremala alisema. "Sasa hata tai hakupati."

Alikifunga yeye mwenyewe, hata chai yake ikapoa. Watoto walicheka. "Mama amekuwa polisi wa msafara," walisema. Mama yao alifurahi pia. Mume aliyekuwa mgumu wa maneno alikuwa amesema kwa mikono.

Asubuhi alitoka na jua. Mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Upepo haukumgusa. Lakini kioo kile kilimpita macho kwa urefu, kwa hiyo kila kitu alikiona kupitia kioo. Nacho kilikuwa cheusi. Umande ukakilowesha, vumbi likanata juu ya umande. Akaanza kuchungulia pembeni, huku na huku, kama kuku anayetazama punje.

Ghafla kitu kikubwa kikatokea mbele yake. Akashika breki. Alikuwa ng'ombe, amesimama katikati ya njia, anacheua. Akataka kumkwepa, lakini usukani uligoma. Ukingo wa kioo ulikuwa umegonga tangi la mafuta. Pikipiki ikasimama hatua moja tu kutoka mbavuni mwa ng'ombe.

Mchungaji alikuja taratibu. "Daktari," alisema, "siku hizi ng'ombe nao wanachanjwa kwa pikipiki?"

Daktari wa Kuku alicheka, ila aliondoka pale taratibu sana.

Jioni mume wake aliuliza, "Kioo kinakwendaje?"

"Upepo hakuna kabisa," alijibu. Hakusema uongo. Lakini ukweli wote hakuusema pia. Angemwambiaje? Zawadi haikosolewi mbele ya mtoaji. Siku tatu aliendesha vile vile, polepole, huku ameinua shingo. Siku ya nne, wakila, akawa anashika shingo kila baada ya tonge.

"Shingo imefanya nini?" mume wake aliuliza.

Alirudisha tonge sahanini. Kisha akasema, "Baba Watoto, zawadi yako naipenda. Ila njia siioni." Akamsimulia habari ya ng'ombe.

Seremala aliacha kula. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuonea haya."

"Haya yako yangeniacha mgane," alisema. Uso ulikuwa umemkunjamana, lakini hakuwa na hasira naye. "Kesho twende kwa fundi."

Fundi wa pikipiki aliitwa Polepole, kwa sababu hakukaza nati bila kuitazama kwanza. Alikuwa rafiki wa seremala tangu utotoni.

"Shemeji, vaa helmeti, upande pikipiki," alimwambia Daktari wa Kuku. "Kaa unavyokaa njiani, sio unavyokaa kwa mpiga picha. Haya, mbele unaona nini?"

"Naona kioo."

"Hapo ndipo penye ugonjwa. Kioo cha upepo hakitazamwi. Macho yanapita juu yake. Kikipata mvua au vumbi, wewe bado unaiona njia." Akamgeukia seremala. "Ndugu yangu, ukitengeneza mlango unaanza na nini?"

"Napima fremu."

"Na kioo hiki ulikipima wapi?"

"Nilikipima dukani, kwa macho."

"Macho ya nani?"

"Yangu."

"Na anayeendesha ni nani?"

Daktari wa Kuku aliinamisha kichwa ili kicheko chake kisionekane. Lakini seremala mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza. Akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaomba kipande cha boksi. Akakisimamisha mbele ya mkewe, pale kioo kinapofungwa.

"Niweke alama wapi?"

"Usawa wa ncha ya pua yake," fundi alisema. "Upepo utapanda, utapita juu ya helmeti. Kikiwa kifupi mno, upepo utampiga usoni. Kikiwa kirefu mno, ndiyo habari ya ng'ombe."

"Si tukikate tu hiki?" Daktari wa Kuku aliuliza.

"Urefu utapungua, shemeji. Weusi hautapungua. Chagua cheupe, kinachoonyesha."

Kioo cheusi kilikuwa hakijakwaruzika, na mwenye duka alikubali kuwabadilishia. Seremala aliingia dukani na boksi lake lenye alama. Safari hii mkewe ndiye aliyechagua. Waliporudi, fundi alikibonyeza kioo kipya kwa dole gumba.

"Tunaita kioo, lakini ni plastiki," alisema. "Iliyo dhaifu huvunjika vipande vyenye ncha. Hii inapinda. Na kingo zake ni laini, hazikati."

Alipomaliza kukifunga aligeuza usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Kioo hakikugusa tangi wala waya. Taa ya mbele nayo haikuzibwa.

"Kioshe kwa maji, sabuni na kitambaa laini," fundi aliendelea. "Usitumie petroli, itakitia ukungu. Usikisugue kikiwa kikavu, vumbi litakikwaruza. Kila wiki kagua nati. Upepo ukija wa ubavuni, punguza mwendo, maana utakisukuma kama tanga. Na helmeti usiiache. Kioo kinazuia upepo. Hakizuii kichwa kugonga lami."

"Na leo?" Daktari wa Kuku aliuliza.

"Leo zunguka hapa hapa, taratibu, mpaka mzoeane."

Wiki iliyofuata alikwenda kijiji cha mbali kuliko vyote. Njiani panzi aligonga kioo, tak, akateleza chini kwa nje. Yeye aliendelea na njia yake, akiona kila shimo kabla ya kulifikia. Alipofika alifungua sanduku. Barafu ilikuwa bado vipande vikubwa.

Bibi mwenye kuku alitoka nje akijifunga kanga. "Mjukuu wangu, leo umeniwahi," alisema. "Kuku bado wamo bandani."

"Basi leo hatuwakimbizi, bibi."

Bibi alifungua mlango wa banda kidogo, akaingiza mkono, akamtoa jogoo wa kwanza. Jogoo alipiga kelele nyingi. Daktari wa Kuku alikuwa ameshashika bomba la sindano, na mabega hayakumuuma.