Dubwana Lililojua Muhogo

Jumanne, saa moja asubuhi, Godelieve alishuka kijitoni, kilimani kati ya miji ya Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, kuopoa muhogo aliouloweka shimoni. Alikuta shimo tupu, na kwenye tope nyayo ndefu kama mkono mzima wa mtu.

Saa nne, Inspekta Adolphine Mutambo aliposhuka kwenye pikipiki, kijiji kilishapasuka vipande viwili. Nusu iliapa ni Mutu ya Manyoya, dubwana la misitu ya juu. Nusu haikuamini dubwana. Iliamini ni Ngabo, mchungaji ambaye ng'ombe wake hunywa maji pale. Tayari alikuwa kwenye bureau, ofisi ya shefu wa kijiji, mikono kambani, ng'ombe wake kumi na wawili wakizurura ovyo.

"Mama Inspekta," shefu alisema, "saa sita tunamufukuza huyu. Batu bamechoka."

"Nani ameona mwizi?"

Mikono ishirini ikapanda. Kila mmoja alieleza manyoya. Hakuna aliyeeleza muhogo. Adolphine alifunga daftari. Alipoanza kazi aliambiwa shahidi ni dhahabu. Miaka kumi na tisa imemfundisha kukwangua kwanza.

Alimvuta Godelieve pembeni. "Ulikuwa na shimo moja tu?"

"Mbili, mama. Moja ya siku ine, imeiva. Ingine ya jana. Ya jana hawakugusa."

"Mwizi alijuaje?"

"Mwana yeyote wa mulimaji anajua. Unaminya na kidole."

Akaenda kwa Ngabo. "Ndugu, muhogo unalowekwa siku ngapi?"

Ngabo alidhani anataniwa. "Kumbe unalowekwa? Mi nanunuaka unga sokoni."

Mwenye furaha siku ile alikuwa mmoja: Jérémie, fundi cherehani, mwenye orodha ya watu arobaini na mmoja waliokutana na dubwana. Alikuwa kijitoni akipima unyayo kwa futi yake ya kushonea.

"Mama, baba yangu aliiona shambani kwake! Bakamwita muongo mpaka kaburini."

"Nyumba yako ni ile yenye muhogo unaokauka juu ya mabati?"

"Ni ile."

"Na shamba lako?"

"Shamba? Mi ni mutu wa mashini, mama." Alijibu kwa maringo, kisha akageuka kutazama mabati yake.

Saa tano na nusu, nyumbani kwa Jérémie, mbele ya watu wote, Adolphine alitoa chini ya cherehani miguu miwili iliyochongwa kwa mpira wa gari.

"Dubwana linachagua muhogo ulioiva? Linauanika? Jérémie, ungeutupa mtoni, nisingekupata."

"Chakula, mama?" Jérémie alishtuka kweli. "Chakula kinatupwa?" Akainamisha kichwa. "Nilitaka baseme mara moja tu kwamba baba hakudanganya. Kisha bakamukamata Ngabo, nikaogopa."

Ngabo, aliyeletwa pale na kamba zake, alikuwa akifunguliwa. "Uliniona nimefungwa, ndugu. Ukaenda kupima."



Adolphine aliwaongoza wote kijitoni, akaweka mpira juu ya unyayo. Ukalingana, kidole kwa kidole. Watu waliinama kuangalia, wakaitikia kwa vichwa. Hatimaye, alifikiri, wamekubali.

Shefu akakuna shingo. "Sawa, mama. Jérémie ameiga. Lakini ameiga nani?"

Minong'ono ikafumuka upya. Godelieve alishapanda kukusanya muhogo wake. Ngabo alikuwa anateremka peke yake. Hakuna aliyemwambia pole.

Adolphine alimfuata kutafuta ng'ombe. Hao, angalau, walikuwa kumi na wawili, na kila mtu alishawahi kuwaona.