Soketi ya Mayai

Wenzangu mnaolea, hebu sogezeni masikio. Haya yalitokea nyumbani kwa fundi mmoja wa kupaka rangi magari, mtu mpole na mchapakazi, ambaye wenzake wa kwenye gemu walimwita Kapteni. Jina hilo lilimpendeza kuliko lile alilopewa na baba yake.

Jumamosi hiyo umeme ulikatika alfajiri, mvua ikinyesha. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifaranga, alikuwa na mashine ya kutotolea iliyojaa mayai, na kesho yake yangeanguliwa. Hakuhangaika. Alichemsha maji kwenye jiko la gesi, akajaza chupa, akazipanga kando ya mayai, kisha akaifunika mashine kwa mablanketi. Kapteni naye, kwa kuwa gemu ilikuwa imelala, alibadilisha chupa kila zilipopoa. Binti yao akaweka sikio kwenye yai moja alilolitia alama ya kalamu.

"Baba, linalia! Sikiliza!"

Kapteni akasikiliza. Kweli, mle ndani kulikuwa na kisauti chembamba, pii, pii. Akacheka, akamkumbatia mwanawe. Nawaambieni, siku nyingi hakuwa amefurahi vile.

Adhuhuri umeme ukarudi. Mama Vifaranga akatoa chupa na mablanketi, akachomeka mashine, taa nyekundu ikawaka. Kisha akajitanda mtandio ampeleke mama yake kliniki, na binti akafuatana naye.

"Baba watoto, kazi yako ni moja tu. Itazame hiyo taa, isizimike."

"Ondoa shaka, mke wangu. Mimi nipo."

Alikuwepo, ndiyo. Kiwiliwili kilikuwepo.

Mlango ulipofungwa tu, akawasha gemu. Hakuna mtandao! Na timu inamsubiri. Akazima, akawasha. Akachomoa waya, akapuliza vumbi, akaandika nywila upya. Wapi! Mwishowe akanusa harufu ya kuungua: umeme ulirudi kwa kishindo ukaichoma ekstensheni iliyochomekwa kisanduku cha intaneti, nacho hakikuwa na moto. Soketi za ukutani pale sebuleni zilikuwa tatu. Moja ya televisheni, moja ya gemu, na moja ya mayai.

Chumbani kulikuwa na soketi tupu. Angeweza kuibeba mashine hadi huko, taratibu, au hata kile kisanduku chenyewe. Lakini mechi ilikuwa inaanza.

"Dakika tano tu," akajiambia. "Mbona asubuhi yalikaa bila umeme?"

Mnazisikia hesabu za mlevi wa gemu? Asubuhi mayai yalikuwa na maji ya moto, mablanketi na mikono ya watu watatu. Sasa yalibaki na Kapteni.

Akachomoa mashine ya mayai, akachomeka kisanduku. Intaneti ikaja, naye akajiona fundi wa mafundi. Mechi ya kwanza wakashinda. Ya pili wakafungwa, akasema hakubali, lazima alipize kisasi. Dirisha lilikuwa wazi, upepo wa mvua ukiingia. Mkewe na bintiye waliporudi jioni walimkuta amesimama juu ya kochi, anashangilia.

Mama Vifaranga hakupiga kelele. Aliitazama taa, akagusa yai, akakaa chini sakafuni.

"Ulisema upo," akasema.

Walichemsha maji tena, wakafunika, wakasubiri. Kapteni alibadilisha chupa bila kuambiwa. Jumapili ikaisha, hakuna yai hata moja lililopasuka. Binti akaliweka lile lenye alama sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Baba, limenyamaza. Labda limelala."

Kapteni akalia mbele ya mwanawe, mtu mzima na ndevu zake. Hapo ndipo mtoto akaelewa, akalirudisha yai mahali pake na kulifunika vizuri.

Funzo

Ndugu zangu, sijasema gemu ni mbaya. Mtu akichoka, apumzike. Lakini angalieni: umeme ulipokatika, mayai yalipona kwa sababu baba alikuwepo. Uliporudi, yakafa. Starehe haibishi hodi kwa fujo, inaomba dakika tano tu, na sisi tunaipa. Basi kabla hujachomoa kitu nyumbani mwako, uliza kwanza kilikuwa kinampa nani joto.