Kamba za Mama Vitalis

Mwezi wa Julai, kwetu Mkunya mtu huamshwa na mashine ya kupulizia mikorosho salfa kabla ya jogoo. Baba yangu, Mzee Fikirini, alikuwa akiibeba mgongoni, akivuta kamba ya kuwashia mara tatu, mara nne, na mara ya tano akiitukana chinichini ili mama asisikie. Tulilazimika kuwahi umande, kwa sababu vumbi la salfa hushika kwenye majani yenye unyevu. Jua likitoka, upepo wa huku juu huizoa salfa yote na kuwapelekea watu ambao hata hawakuchangia mafuta. Kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo. Nikifika shuleni nyusi zangu zilikuwa za manjano, lakini darasa zima tulikuwa hivyo, kwa hiyo hakuna aliyemcheka mwenzake.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia. Zamani salfa ilitoka kwenye chama cha ushirika. Sasa wafanyabiashara waliileta kwa malori kutoka Masasi, katika mifuko ambayo mingine haikuwa na hata herufi moja. Baba hakumwamini mtu. "Soko huria, na ujanja nao huria," alikuwa akisema, kisha ananusa kila mfuko kama mama anavyonusa samaki wa juzi.

Mashine ile ilitumika kwa zamu katika nyumba tatu: yetu, ya Mzee Sultani aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi, na ya Mama Vitalis. Huyu tulipakana naye shamba. Alikuwa amekuja miaka miwili nyuma kutoka Lisekese, upande wa Masasi, kuchukua shamba aliloachiwa na mjomba wake. Mpwa kurithi shamba la mjomba kwetu si ajabu, lakini watu walimhesabu bado mgeni. Mwanawe alikuwa shule ya bweni, naye akaishi peke yake, hana maneno mengi. Mtu wa namna hiyo majirani humtungia maneno wenyewe.

Mwaka ule mikorosho yetu ilichipua vizuri kabisa. Kisha, ndani ya wiki mbili, machipukizi yakaanza kukauka. Ncha ziligeuka nyeusi, zikajikunja.

Baba alivunja kichipukizi kimoja, akakigeuzageuza. "Hiki kama kimeunguzwa na moto," alisema.

Niliposikia neno moto, niliokota ndoo yangu nikageuka. Afadhali niwaambie mapema kwa nini, msije mkaniona mwema kupita kiasi.

Mikorosho yetu ilikuwa imejaa majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mti kuwa viota. Wakikuuma, utacheza bila ngoma. Mwezi wa Juni, baba alipokuwa akipogoa matawi, mimi na rafiki yangu Oliva ndio tuliokusanya matawi hayo, na tuliumwa mpaka shingoni. Siku moja baba alikwenda Newala mjini. Tulifunga nyasi kavu kwenye fito ndefu, tukawasha, tukachoma viota vyote, kumi na saba. Sasa, shambani kwetu moto ulikuwa mwiko. Shamba la babu liliteketea lote kwa sababu ya mtu mmoja aliyewasha nyasi akiwinda panya. Kwa hiyo tulifukia majivu, tukala kiapo, tukanyamaza.

Baba kwanza alishuku salfa. Alichota salfa kijiko kimoja, akaitupa kwenye kaa la moto jikoni. Ukatoka mwali wa buluu na moshi wa kuchoma pua, tukakohoa wote, mama akatufukuza kwa mwiko.

"Salfa ni ya kweli," baba alisema, akifuta machozi. Ilikuwa kana kwamba amesikitika. Kisha akatazama ng'ambo ya mpaka, kwa Mama Vitalis. Mikorosho yake ilikuwa kijani mpaka kileleni.

"Mfuko mmoja, mashine moja," alisema polepole. "Kwake kijani, kwangu mkaa. Hapa kuna jambo."

Nasema ukweli, nilifurahi. Jambo hilo likiwa la Mama Vitalis, halitakuwa langu. Kuanzia siku hiyo nikaanza kumchunguza.

Sikuchunguza sana. Jioni ya siku ya pili baba alinituma nimwambie kwamba zamu yake ya mashine imesogezwa mbele. Nilimkuta shambani, ameinama, akinong'ona peke yake. Kutoka mkorosho mmoja hadi mwingine alikuwa amefunga kamba za katani, zimevuka hewani kama kamba za kuanikia nguo, ila hazikuwa na nguo. Na kwenye panda za miti alikuwa ameweka vichwa vya dagaa na matumbo ya samaki.

"Shikamoo, Mama Vitalis."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Baba anasema zamu yako mpaka wiki ijayo."

"Haya." Alijipangusa mikono, akanitazama usoni kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Pili, majimoto wenu wamekwenda wapi?"

"Sijui. Labda wamehama."

"Wamehama?"

"Sijui, mama."

"Haya," alisema tena. "Ukija kujua, utaniambia."

Nilikimbia mpaka nyumbani. Nilimweleza baba habari za kamba, vichwa vya dagaa na kunong'ona. Habari ya majimoto sikumwambia. Kwa nini mwanamke yule aliuliza? Alijua nini? Na kama alijua, alikuwa akinisubiri nini?

Kwetu habari haihitaji baiskeli. Kesho yake, kwenye bomba la maji, wanawake walisogeza ndoo zao Mama Vitalis alipofika. Mmoja akasema amemsikia akinong'ona majina ya watu. Mwingine akasema kamba zile zinavuta chakula cha mashamba ya wenzake na kukiingiza kwake. Kufikia Alhamisi ilikuwa inasemwa waziwazi kwamba heri arudi kwao Lisekese kabla hajafukuzwa.

Zamu yake ilipofika alikuja mwenyewe kuchukua mashine. Baba alikuwa ameitua muda huohuo. "Mbovu," alisema, bila kumtazama. "Haiwaki."

Mama Vitalis aliweka kiganja juu ya injini. Bado ilikuwa ya moto. Aliondoa mkono, akasema, "Pole kwa kuharibika," akaenda zake. Niliona aibu, kisha nikajikaza na kujiambia kwamba mchawi hana haja ya mashine.

Nilimfuata Oliva shuleni. "Oliva, tuseme habari ya ule moto?"

"Nangu simo!" alisema. Kikwetu hiyo ni sawa na kusema mimi nimejitoa. "Useme, baba yako akuchune ngozi? Kila mtu ameshajua ni yule mama."

Jumamosi balozi aliita kikao uani kwake. Watu walikuja wengi kuliko wanavyokuja siku ya kuchimba choo cha shule. Baadhi walitaka mganga aitwe. Mzee Sultani alikataa. "Tumwite kwanza mtu wa miti," alisema. "Tukimkosa huyo, ndipo tutafute mtu wa mizimu." Alikuwa amemwita bibi shamba wa kata, ofisa wetu wa kilimo, Cecilia, dada mwembamba mwenye pikipiki na viatu vya mvua.

Nilisimamishwa mbele nieleze. Nikaeleza kamba, dagaa na kunong'ona. Kila nilipotaja kitu, watu waliguna. Mama Vitalis alikaa kwenye mkeka, mikono mapajani, akinitazama vilevile kama siku ile shambani.

"Unasemaje, mama?" balozi alimwuliza.

"Twendeni mkatazame," alijibu. "Kutazama ni bure."

Tulikwenda, lakini hakuna aliyekubali kugusa kamba. Mama Vitalis akaishika mwenyewe, akatuita tusogee. Juu ya kamba majimoto walikuwa wakipita, msururu mrefu, wengine wamebeba vipande vya dagaa. "Hii ni njia yao," alisema. "Matawi ya mikorosho hii hayagusani, nao hawapendi kushuka chini. Chakula kikiwa haba nawaongezea. Baba yangu kule Lisekese alifanya hivi. Na ninaponong'ona nahesabu viota."

Bibi shamba Cecilia alikuwa ameshavuka mpaka kwetu. Alirudi na kichipukizi cheusi na mdudu mwembamba kwenye chupa, miguu mirefu, mwenye sura ya mbu.

"Huyu ndiye mbu wa mikorosho," alisema. "Anafyonza chipukizi changa, na pale alipofyonza panakuwa peusi. Mzee Fikirini, salfa yako ni nzuri, lakini salfa ni dawa ya ubwiriunga, ule unga mweupe wa kwenye maua. Huyu haogopi salfa. Anaogopa majimoto. Wakimkuta mtini wanamla au wanamfukuza." Akamtazama baba. "Majimoto wako wako wapi?"

Swali lilikuwa lilelile.

"Walikuwepo," baba alisema, akikuna kichwa. "Walijaa. Mwaka huu sijui..." Akageuka taratibu kuitazama kamba, kisha vichwa vya dagaa, kisha Mama Vitalis. "Kumbe! Umewaita! Umewawekea dagaa, ukawahamisha kwangu ukawaleta kwako!"

Kelele zikalipuka. Hata wale waliokuwa wameanza kuona aibu walipata nguvu mpya. "Mwizi wa majimoto!" mtu alipiga kelele, na hakuna aliyecheka. Bibi shamba alijaribu kusema, hakusikika. Kijana mmoja aliipiga kamba panga, akaikata. Majimoto walimwagika chini. Mwingine akasema mama huyo afunge mizigo yake leo hii hii.

Mama Vitalis hakumtazama kijana wala baba. Alinitazama mimi. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua, na kwamba alijua tangu mwanzo. Ningenyamaza, angeondoka Mkunya na siri yangu ingeondoka naye. Nilimwona akiinama kuokota ule mkia wa kamba, akiutafutia pa kuufunga tena, na nikashindwa kunyamaza.

"Ni mimi!" nilisema. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia kwa kilio. "Baba, ni mimi. Niliwachoma. Viota kumi na saba. Niliwachoma kwa moto ulipokwenda mjini."

Nilisubiri kofi. Halikuja.

"Nilikuwa nimeona moshi," Mama Vitalis alisema kwa utulivu.

"Basi kwa nini hukusema?" balozi alimwuliza.

"Ningesema, Mzee Sultani, mngemwamini nani? Mgeni, au mtoto wenu? Nilimwuliza yeye mwenyewe, nikamwachia nafasi."

Watu walianza kukumbuka kazi zao nyumbani, mmoja mmoja, wakapungua. Yule kijana mwenye panga alikuwa wa kwanza kupotea. Baba alibaki. Alivua kofia yake, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akimvulia mtu kofia.

"Mama Vitalis," alisema, "salfa niliinusa. Nikaichoma kwenye kaa nijue kama ni ya kweli. Wewe sikukuuliza hata neno moja. Nikakuambia mashine mbovu, nawe umeishika ingali ya moto. Nisamehe."

"Nimesikia, Baba Pili," alisema. "Nitasamehe. Lakini leo bado nina uchungu."

Je, mama alikwenda usiku ule kupiga magoti ya kuomba radhi kwa niaba yangu? Hapana. Niliyapiga mwenyewe, asubuhi iliyofuata, mlangoni kwake, baba akiwa nyuma yangu na mashine mgongoni na mfuko wa salfa begani. Zamu yake ilikuwa imepita, baba akampulizia shamba zima kabla ya kugusa letu.

Kisha Mama Vitalis akachukua gunia na mkasi. Alikata viota kutoka mkorosho mmoja tu. "Wa miti ya mbali msiwachanganye," alituambia, "watapigana wenyewe kwa wenyewe, wasahau mbu." Tukavitundika kwetu. Bibi shamba alituelekeza tusimwage salfa penye viota, na akasema mbu wakizidi sana ipo dawa yake nyingine, lakini tumwite kwanza. Mwaka ule tulivuna kidogo. Machipukizi yaliyokufa hayakufufuka. Yaliyochipua baadaye yalibaki kijani.

Kazi ya mwisho ilikuwa kamba. Baba alifunga ncha moja kwenye mkorosho wa Mama Vitalis, akaivusha juu ya mpaka, akanipa ncha ya pili.

"Funga wewe," alisema. "Na usikie, Pili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Maradhi yako uliyaficha, kidogo yamuumbue mtu mwingine. Mimi nami nilishuku kwanza, nikauliza mwisho. Shamba halikuharibiwa na mbu peke yake. Tuliliharibu sisi wawili, wewe kwa kunyamaza, mimi kwa kushuku."

Nilifunga fundo la kwanza. Majimoto mmoja alikuwa ameshavuka, akapanda kidoleni kwangu, akaniuma kwa nguvu zake zote. Machozi yalinitoka, lakini sikumpangusa. Nilimaliza fundo la pili, nikauweka mkono juu ya gome, nikamsubiri ashuke mwenyewe kwenye mti wetu.