Mzigo wa Adhuhuri

Nyuma ya jiko la Levina hapakuwa na njia, ila kila adhuhuri mtu alipita.

Palikuwa na ukuta wa ghala la mzee Parvez, umeshikana na ukuta wa jiko kiasi kwamba hata paka hapenyi. Lakini jua likifika utosini na mtaa wote wa Mtendeni ukitulia, Levina alisikia nyayo za mtu aliyechoka zikiburuta vumbi, na sauti nzito ikiimba puani, bila maneno. Wimbo ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kisha ukakatika ghafla, kama mtu aliyeuliza swali na anangoja jibu. Halafu nyayo zikaendelea.

Hakuogopa. Alidhani ni mlinzi wa ghala. Tena alikuwa mwanafunzi wa gitaa, na mwanafunzi wa gitaa akisikia wimbo, vidole humwasha. Mtoto wake Julieth akiwa amelala mgongoni, alitoa gitaa msumarini, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza kuzitafuta zile sauti moja moja kwenye nyuzi nene.

Wifi yake Koleta akatoka ndani.

"Wenzako wanatwangia kinu, wewe umekikalia. Kaka yangu Ezekia analala chini ya lori huko Igunga ili ule, na wewe unakwangua nyuzi."

"Chakula kipo tayari, wifi."

"Sijauliza chakula. Nimeuliza akili."

Koleta akainama, akambusu Julieth kisogoni, akarudi ndani bila kumtazama mama mtu. Ndivyo alivyokuwa. Kwa Levina alikuwa na pilipili ulimini, kwa mtoto alikuwa na asali. Mwenyewe hakujaliwa kuzaa.

Jumamosi wanafunzi wa gitaa walikutana katika chumba cha kwaya, kila mmoja aonyeshe anachojifunza. Lugembe, fundi baiskeli, bado alikuwa anapigana na F, ule mkao wa kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote, na nyuzi zake zilikuwa zikikohoa badala ya kulia. Martha alikuwa anajifunza kupiga besi kwa kidole gumba huku vidole vingine vikicheza juu. Ikafika zamu ya Levina, Julieth akiwa mgongoni. Akapiga wimbo wa nyuma ya jiko, akaukatiza pale pale ulipokuwa ukikatika.

"Mbona umeishia hewani?" Lugembe akauliza.

"Ndivyo ulivyo."

"Hakuna wimbo wa hivyo. Sema tu hujui mwisho. Jamani, Mama Julieth ameokota kichwa cha wimbo, mkia kauacha porini!"

Wakacheka. Levina alikuwa mtu wa haya, na haya ikipanda hufanya mambo ambayo ujasiri usingefanya. Jibu la wimbo ule lilikuwa vidoleni mwake tangu siku ya kwanza. Akalipiga. Likakaa mahali pake kama kifuniko juu ya chungu chake.

Hakuna aliyepiga makofi. Fundo la kanga likamkaza kifuani. Alidhani Julieth amezama usingizini, maana mtoto aliyelala huwa mzito. Lakini alipogeuza shingo aliona macho ya mtoto yamekodoka, na kwenye utosi wake mdogo palinuka jasho la mwanamume mtu mzima, jasho na vumbi la safari.

Kutoka hapo kufika nyumbani alisimama mara nyingi, akiegemea kuta za watu.

Kliniki walimning'iniza Julieth kwenye mizani, muuguzi akatazama kadi, akatazama tena mizani.

"Mama, mtoto anapungua. Anapungua sana."

Levina akampokea, akamfunga tena. Mgongoni Julieth alikuwa gunia la mpunga. Kwenye mizani alikuwa kuku. Mabegani mwa mtoto mlikuwa na alama nyekundu, ndefu, kama za mti uliolazwa hapo siku nyingi.

"Unampiga!" Koleta alifoka alipoziona. "Ezekia akirudi nitamwambia. Mtoto huyu akifa mkononi mwako, hutalala ndani ya nyumba hii hata siku moja!"

Nyayo hazikupita tena nyuma ya jiko. Sasa zilitembea naye. Akienda kisimani zilikuja, akisimama zilisimama, na adhuhuri ilipokaribia alisikia juu ya kichwa chake pumzi ya mtu anayehema kwa kazi nzito, pumzi ya moto iliyomshukia shingoni, na Julieth, ambaye siku hizo alikuwa hana hata nguvu ya kulia, aliguna kwa sauti iliyokuwa nene mno kwa kifua kile kidogo, sauti ya mtu anayejaribu kubadilisha bega na hana bega la pili.

Martha ndiye aliyempeleka Levina mtaa wa Kitete, kwa bibi yake mwenyewe aliyeitwa Kabula, mganga aliyekuwa akiuza mkaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtue huyo mtoto kabla hajavunjika." Akamnusa Julieth utosini, akatema mate pembeni. "Mpagazi huyu."

"Mpagazi gani, bibi?"

"Ghala la jirani yako limejengwa juu ya njia ya misafara. Watu walipita hapo na pembe za ndovu mabegani, kwenda pwani. Wa mbele aliimba, wa nyuma wakaitikia. Akianguka mmoja, mzigo wake haukuachwa porini. Uliimbiwa, na aliyeitikia ndiye aliyeubeba. Huyu wako alifia hapo na hakuna aliyemwitikia. Anauliza mpaka leo. Wewe umemjibu."

"Nimejibu mimi. Mbona anaumia mtoto?"

"Ulimpa mgongo wenye mtu. Mzigo hukaa juu ya kinachotangulia kuupokea."

Levina akapiga magoti juu ya vumbi la mkaa. "Mzigo huu tuutupe wapi, bibi?"

"Hautupwi. Unapokewa. Kesho jua likiwa utosini, piga kile kichwa cha wimbo pale ulipousikia, ukikatize hapo hapo. Mtu mwingine aitikie, kwa wimbo au kwa mdomo. Hata 'lete nikupokee' inatosha. Usijibu wewe. Mtu hajipokei."

"Na atakayeupokea?"

Bibi Kabula akaanza kufunga gunia lake. "Hilo ungeliuliza kabla hujaitikia."

Levina akamgeukia Martha. Martha akakumbuka nguo alizoanika, akaondoka mbio. Levina akampigia simu Lugembe.

"Mama Julieth, F tu inanivunja kidole," Lugembe akasema, bila kicheko safari hii. "Mzigo wa jini nitauweza wapi?" Simu ikakatika.

Kesho yake adhuhuri alikaa juu ya kinu, mtoto mgongoni, akiwa hana mtu wa kumwitikia. Alipiga hata hivyo. Alipiga kile kichwa cha wimbo, akakikatiza, akangoja, akapiga tena, na kila alipokatiza kanga ilizidi kumkata kifuani na pumzi ya juu ikazidi kuharakisha, na nyuma yake ukuta wa ghala ulianza kutoa harufu ya jasho la watu wengi waliosimama kwa mstari, na Julieth akawa anakoroma, midomo ikibadilika rangi, na mama yake akiendelea kupiga kwa sababu hakujua kingine cha kufanya kwa mikono yake.

Koleta akatoka jikoni kama moto.

"We mwanamke! Mtoto anakata roho na wewe unapiga gitaa?"

Levina akainua macho. Aliyaona maneno yakija kabla hayajafika. Angeweza kusema, nyamaza, wifi. Angeweza kumziba mdomo. Akapiga kichwa cha wimbo kwa nguvu zake zote, akakikatiza.

Koleta akanyoosha mikono. "Lete! Lete nikupokee!"

Kanga ikalegea. Levina akamtoa mtoto, mwepesi kama kifaranga, akamweka mikononi mwa wifi yake, na Julieth akavuta pumzi, akalia kilio kizuri cha mtoto mwenye njaa. Koleta akatabasamu. Kisha magoti yake yakapinda, bega lake la kulia likashuka, na lile tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

Mizani ya kliniki ikapanda. Julieth akanenepa, akajifunza kutambaa. Ezekia aliporudi aliuliza kwa nini dada yake anatembea ameinama kama kikongwe. Levina akasema ni mgongo. Gitaa alikuwa amelichoma, nyuzi akazifukia.

Koleta hakumtukana tena. Hakusema na mtu yeyote.

Adhuhuri moja Levina alikuwa akichambua mchele, Julieth akicheza mkekani. Koleta alikuwa akifagia uani, bega limeshuka, na alikuwa akiimba puani. Wimbo ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, ukakatika. Ufagio ukasimama. Koleta hakumtazama wifi yake. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Wifi, acha," Levina akanong'ona. "Nakuomba, acha."

Akautupa ungo, akaruka kwenda kumziba Julieth mdomo. Lakini mtoto, ambaye hajui hata kuita mama, alikwisha kucheka na kuitikia, sauti zote mahali pake.

Koleta akanyooka mgongo.

Levina akainama kumbeba mwanawe. Akashindwa kumwinua.