Posa Isiyokuwa na Mshenga

Shigeo Urata alimkanyaga Fumie Nakagiri mguu katika soko la mboga la Los Angeles, katikati ya kelele za makuli na malori ya kabichi.

"Wewe, hicho ni kiatu kipya."

"Samahani, dada. Nilikuwa naangalia uso."

"Basi angalia na kabichi zako, zinaanguka."

Fumie alivaa gauni la bluu lenye madoa meupe, na rangi ya midomo ambayo baba yake hakuijua. Haukupita muda wakawa wanaitana mpenzi.

Halafu Japani ikaishambulia Marekani, nasi Wajapani wa Marekani tukawa maadui, hata tuliozaliwa hapahapa. Wazee wakakamatwa. Mzee Hamasaki, mwalimu wa judo, alichukuliwa akiwa na ndara miguuni. Huyo ndiye ambaye Shigeo alikuwa amemwomba awe mshenga wake. Kwetu mwanaume hajiposei. Akijiposea amemdharau baba wa msichana. Na mshenga akishaombwa, habadilishwi. Shigeo akasubiri mzee aachiwe, wala hakumwambia Fumie.

Huko serikalini, watu wasiotujua walikaa na ramani wakachora mstari katikati ya mtaa wetu. Matangazo yakabandikwa kwenye nguzo: Wajapani wa upande wa kina Fumie waende kufungiwa kambi moja, wa upande wa kina Shigeo nyingine. Waliooana tu ndio wangekwenda pamoja.

Fumie akapiga simu.

"Kina Toshiko wamefunga ndoa jana. Kanisani kuna foleni kama ya mchele."

"Nimesikia."

"Umesikia tu?"

"Subiri kidogo, mpenzi."

"Nisubiri nini? Baba keshauza friji. Kama hunitaki, sema."

Fumie akakata simu.

Siku ya mabasi ya kambini, upande wa kina Fumie ulitangulia. Shigeo alivuka mtaa amevaa suti, akapita kwenye masanduku, akainama mbele ya Mzee Nakagiri.

"Mzee, namwomba Fumie. Najua sina mshenga. Hamasaki bado yuko ndani."

"Kumbe ulikuwa unamsubiri Hamasaki?"

"Ndiyo, mzee."

"Mjinga wewe. Kwa siku hizi ningekuozesha hata ungekuja na mbwa."

Fumie alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Mimi nikajua umenichoka."

"Sijawahi, mpenzi. Hata siku moja."

Askari mwenye bunduki akasogea. "Wewe ni wa upande ule. Rudi."

"Afande, tupe nafasi tuoane."

"Mimi nimeambiwa nipakie watu, kijana. La ndoa sikuambiwa."

Fumie akapanda nyuma ya baba yake, akashusha kioo.

"Shigeo, ukiniandikia, usiniambie unanisubiri. Sitaki kulisikia tena neno hilo."

Basi likaondoka. Shigeo akavuka mtaa, akaingia kwao kufunga mizigo yake.